Chombo kimoja, Kiswahili viwili: maneno ya upepo, maji na visiwa kati ya Tumbatu na Ziwa Albert

Makala haya yanahusu maneno ambayo mzungumzaji wa Kiswahili cha Bunia huyakosa anapopanda chombo cha pwani, na yale ambayo mtu wa pwani huyakosa anapomsikiliza mwenzake wa Bunia. Data yake ni ndogo na ilipatikana kwa njia isiyo ya kawaida. Ni siku tatu za kuzunguka visiwa vya Unguja, mwezi wa Januari, nikiwa na mjomba wangu aliyekuja kunitembelea kutoka Bunia nilipokuwa Zanzibar kwa masomo. Mjomba alivua samaki Ziwa Albert kwa zaidi ya miaka 20, akitokea Tchomia, na alikuwa hajawahi kuiona bahari. Siku mbili tulipanda boti ya mashine kutoka Mji Mkongwe kwenda Changuu na Bawe. Siku ya tatu tulipanda mashua ya tanga kutoka Mkokotoni, tukapita kando ya Tumbatu kuelekea kisiwa kidogo cha Mwana wa Mwana. Watu wawili wa kazi moja, nahodha na mjomba, kila mmoja akiiita lugha yake Kiswahili, walikaa ndani ya chombo kimoja wakitazama vitu vilevile. Mimi nilikuwa na daftari.

Ninaiandika kwa sababu ya kitenzi kimoja ambacho bado kinasikika madarasani kwetu: kuvunjika. Kiswahili cha Bunia, tunaambiwa, kimevunjika. Anayesema hivyo kwa kawaida hutoa mifano ya upatanisho wa kisarufi, kwa mfano «upepo ya mulima» badala ya «upepo wa mlima», kisha huongeza kwamba msamiati wake ni maskini. Suala la upatanisho limeandikwa sana na sitalirudia. La msamiati halijaandikwa vya kutosha, na chombo cha majini ni mahali pazuri pa kulipimia, kwa kuwa asiyejua jina la kamba hapa anaweza kuvuta isiyofaa.

Majina ya vyombo

Kwa nahodha, jina la chombo hufuata umbo lake. Ngalawa ni mtumbwi wenye mbao za kuusawazisha pande zote mbili. Dau na mashua hutofautiana katika ubavu na katika ncha, na jahazi ni kubwa kuliko vyote hivyo. Nilipomwomba mjomba afanye vivyo hivyo kwa vyombo vya Ziwa Albert, alinipa majina mawili tu: pirogi na bato, yote mawili kutoka Kifaransa. Hapo mtu mwenye haraka angefunga daftari na kuandika «maskini».

Lakini mjomba alikuwa hajamaliza. Kuna pirogi ya kafi na pirogi ya motere. Ya motere ina ya kumi na tano, ya makumi mbili na tano na ya makumi ine, yaani nguvu ya injini, na kila moja ina kazi yake. Kuna ya kutega nyavu usiku, kuna ya kupeleka magunia ng'ambo, na kuna ile isiyoshikika hata askari wa majini wakiifukuza. Anaposikia mngurumo gizani anajua ni ya ngapi. Mfumo wa nahodha huainisha vyombo kwa ubavu na tanga, wa mjomba huainisha kwa mashine. Huo nao ni uainishaji kamili, ila kigezo ni kingine. Tena tukumbuke kwamba boti iliyotupeleka Changuu, katikati ya Uswahili wenyewe, vijana wa forodhani waliitambulisha kwa mashine yake, wala hakuna aliyenitajia umbo la ubavu.

Kuhusu neno bato, mjomba ana mzaha ambao hautafsiriki Unguja: «Bato imejaa bato.» Bato ya kwanza ni meli kwa Kifaransa, ya pili ni watu kwa Kilingala. Nahodha alicheka kwa adabu. Naye hutumia neno meli, ambalo lilitokana na neno la Kiingereza la barua na vifurushi vya posta, kwa sababu meli za kwanza za moshi zilikuja zikibeba hizo. Kila upande wa bara umekopa kwa mkoloni wake.

Neno moja halikukopwa na yeyote kati yao: kafi. Wote wawili walilisema, kwa sauti ileile, wakionyesha kitu kilekile. Wanaisimu waliojenga upya msamiati wa Mame Bantu wanalo neno la mtumbwi na wanalo la kafi, na ndiyo maana Kilingala kina «bwato» na «nkai». Tanga ni la upepo wa bahari, ila kafi lilikuwapo kabla ya mtu yeyote wa familia hii ya lugha kuiona bahari.

Ndobo na ndoano

Karibu na Bawe nahodha alitoa mshipi ili mgeni ajaribu bahati yake. «Chukua ndoano, mzee.» Mjomba akaipokea, akaigeuza kidoleni, akasema: «Ndobo ni ndogo.» Kijana msaidizi wa nahodha alitabasamu na kumsahihisha kwa upole kama tunavyosahihishwa sote: si ndobo, ni ndoano.

Tuangalie sauti. Mzizi wa Kibantu wa kuvua kwa ndoano una konsonanti b: ni «-dob-». Kilingala kinasema «ndobo», na Kiganda kina kitenzi «-loba» kwa kazi hiyohiyo. Katika Kiswahili cha pwani b hiyo ilidhoofika na kupotea, kama ilivyopotea katika -ona, ambayo kwa Kinyarwanda bado ni -bona. Kwa hiyo ndoano ni ndobano iliyopoteza b. Ukiweka maneno mawili haya kando kwa kando, la mjomba ndilo lenye konsonanti ya kale, na la kijana ndilo lililopungua.

Mtindo huohuo uko katika viambishi vya ngeli. Pwani inasema watu, Bunia tunasema batu. Pwani inasema vitu, Bunia tunasema bitu. Mame Bantu ilikuwa na ba- na bi-, na ni pwani iliyozifanya wa- na vi-.

Hapa ninahitaji kuwa mwangalifu, maana hoja hii inapendeza kupita kiasi. Kiswahili cha Bunia hakikuhifadhi ba-, bi- wala ndobo tangu zamani za kale. Kilifika Ituri kikiwa tayari na wa-, vi- na ndoano, kisha kikazungumzwa na watu wenye Kihema, Kibira, Kilingala na lugha nyinginezo, nao wakarudisha sauti walizokuwa nazo vinywani. Wale ambao lugha zao za nyumbani si za Kibantu, kama Walendu na Waalur, wameipokea sauti hiyo ikiwa tayari ya mji. Kwa hiyo «batu» si masalia ya kale. Ni neno la kale lililoingia upya kwa mlango wa jirani. Hata hivyo ukweli huu unatosha kuondoa wazo la kuvunjika. Kitu kilichovunjika hakijijengi upya kwa kanuni.

Upepo

Siku ya tatu ndiyo iliyonipa data nyingi zaidi, kwa sababu tulikuwa chini ya tanga. Upepo wa kaskazi, unaotawala pwani kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwezi wa Machi hivi, ulikuwa ukituvumia usoni. Nahodha alitweka tanga, akapotoka kuelekea ufuko wa Tumbatu, kisha akageuka, akapotoka upande wa pili, kisha akageuka tena. Mjomba alivumilia mara tatu, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo kama mtu huyu anaijua njia. Nahodha alisikia. «Tunabisha, mzee,» akasema. Mjomba akashtuka: «Nani anabisha?»

Kitenzi kubisha kina maana tatu zinazojulikana: kugonga mlango, kupinga maneno ya mtu, na kupeleka chombo kinyume cha upepo kwa kwenda upande huu na upande ule. Bunia tunazo mbili za kwanza. Ya tatu haikufika, kwa sababu pirogi ya motere haibishi, hukata moja kwa moja. Lakini ukikaa ndani ya mashua inayobisha ndipo unapoona jinsi maana ya pili na ya tatu zinavyokaribiana. Anayebisha hamshindi mwenzake kwa kumwendea usoni. Humjia kwa pembeni, akarudi, akaja tena.

Kuna zaidi. Kaskazi ni upepo, kusi ni upepo. Kaskazini na kusini ni nomino hizo zikiongezewa kiambishi tamati -ni cha mahali: upande wa kaskazi, upande wa kusi. Mvuvi wa Tumbatu anaposema kaskazini, neno bado lina upepo ndani yake. Mtoto wa shule wa Bunia anapojifunza neno hilo hulipata likiwa kama jiwe, haligawanyiki. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni ya kijiografia: pepo hizo haziongozi kazi ya mtu yeyote kwetu. Ya pili ni ya kisarufi, nayo hutajwa mara chache: -ni ya mahali si hai katika usemi wetu. Hatusemi nyumbani wala sokoni, tunasema «mu nyumba» na «ku soko». Kwa hiyo hata angemjua kaskazi, mtoto huyo asingekuwa na kisu cha kulikata neno. Si ajabu kwamba mtaani tunasema «nord» na «sud».

Je, mjomba hana majina ya pepo? Nilimwuliza tulipokuwa tumetia nanga. Anayo matatu. «Upepo ya mulima» hushuka usiku na alfajiri kutoka kwenye Milima ya Bluu iliyo juu ya ziwa upande wa Kongo, nao humsukuma mvuvi kwenda kilindini. «Upepo ya Uganda» hutoka ng'ambo mchana. Wa tatu, ule unaokuja na mvua na kupindua pirogi, hana jina kwa makusudi. Huitwa «ule». Nahodha aliposikia habari ya upepo wa mlima alisema mara moja: «Huo ni umande.» Pwani umande ni unyevu wa asubuhi, na pia ni upepo wa asubuhi unaotoka nchi kavu. Bunia umande umebaki kwenye majani tu. Mjomba aliufahamu upepo wenyewe vizuri kabisa, ila neno lake la zamani lilikuwa limekwenda kufanya kazi nyingine, naye akauundia jingine kwa kutazama unakotoka. Kihusishi chake ni «ya». Mantiki yake ni ileile ya kaskazini, isipokuwa njia imegeuzwa: pwani walichukua upepo wakataja upande, mjomba alichukua upande akataja upepo.

Lugha iliyoacha mashua njiani

Kwa nini maneno ya tanga hayakufika Ituri? Jibu la kawaida ni kwamba Ituri iko mbali na bahari, lakini umbali peke yake hauelezi, maana maneno mengine mengi yalifika. Inafaa kukumbuka nani waliyaleta. Kiswahili kilipenya mashariki ya Kongo katika nusu ya pili ya karne ya 19 kwa misafara ya wafanyabiashara wa pwani, Tippu Tip akiwa mashuhuri kuliko wote. Mwaka 1887 ukaja msafara wa Stanley wa kumtafuta Emin Pasha, ukiwa na watu wapatao 600 walioandikishwa Zanzibar. Walipita msitu wa Ituri, wakaufikia ukingo wa Ziwa Albert mwezi wa Desemba, na hawakuwa na chombo. Walikuwa na mashua ya chuma, Advance, iliyogawanywa vipande ili ibebwe, lakini vipande vilikuwa vimeachwa nyuma msituni. Ikabidi warudi, wakavichukua, na Aprili 1888 ndipo mashua ikaingia majini.

Ninaona hapa mfano halisi wa kilichotokea katika leksimu. Wasemaji walifika wakiwa na lugha ya watu wa bahari, lakini walikuwa wapagazi. Maneno waliyoyatumia kila siku kati ya Zanzibar na Ituri yalikuwa ya mzigo, njia, chakula, ugonjwa, bunduki, mshahara. Hayo ndiyo waliyoyasikia wenyeji, na hayo ndiyo tuliyoyarithi. Hakuna aliyeyasahau maneno ya tanga kwa uzembe. Hakukuwa na siku hata moja ya kuyasema.

Pwani ni nini mahali pasipo na pwani

Jambo lililomshangaza mjomba kuliko yote halikuwa upepo. Tuliporudi alasiri, mahali tulipopandia asubuhi hapakuwa na maji. Mashua ilisimama mbali, tukatembea juu ya mchanga na majani ya bahari, suruali zimekunjwa. «Mayi imeenda wapi?» Nahodha alieleza kwamba maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kwamba siku za bamvua hupwa mbali zaidi.

Ziwa Albert halipwi. Kwa hiyo kitenzi kupwa hakikuwa na kazi kwetu, na pamoja nacho tulipoteza ufunguo wa neno ambalo tunalitumia kila siku. Pwani ni pwa na -ni: mahali maji yanapopwa. Kwa maana hiyo kali, Tchomia na Kasenyi hazina pwani wala haziwezi kuwa nayo. Zina ukingo. Wavuvi wa Kitanzania kwenye maziwa wanasema mwalo, neno zuri ambalo tungeweza kuliazima bila aibu. Lakini redio na vitabu vya shule huandika «pwani ya ziwa», na sidhani kama kuna haja ya kuwakataza. Neno likishafungika, mwenye kulitumia hadaiwi tena etimolojia yake.

Kitenzi cha safari yetu

Nimeacha hadi hapa swali lililoulizwa kwanza, asubuhi ya siku ya kwanza, kabla kamba haijafunguliwa. Mjomba alitazama boti: hakuna nyavu, hakuna magunia, hakuna mbuzi. Akauliza: «Tunavuka tunaenda wapi?» Nikamwambia tunazunguka visiwa na kurudi hapahapa. Akarudia: «Kurudi hapahapa?»

Kwa Kiswahili chake, mtu na chombo huunganishwa na vitenzi viwili, kuvua na kuvuka. Kuvua kunaeleweka. Kuvuka kuna uzito ambao kamusi haiwezi kuubeba. Mwanzoni mwa mwaka 2018, mauaji ya Djugu yalipowafukuza watu majumbani, maelfu kwa maelfu walivuka Ziwa Albert kuingia Uganda, wengi wakishukia Sebagoro, na wako waliozama njiani. Mjomba alikuwa miongoni mwa waliovusha watu. Tangu hapo, nyumbani kwetu ukisema «alivuka» bila kutaja mahali, kila mtu anajua mwaka na anajua sababu. Kupanda chombo kwa raha, na mgeni wako, kutazama kobe wa Changuu kisha kurudi kula, ni tendo ambalo usemi wake haukuwa na kitenzi kwa ajili yake.

Nahodha alipendekeza kutalii, ndilo neno la biashara yake. Ni kitenzi chenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya zamani ilikuwa kupitia jambo kwa makini, kama msomaji anavyopitia kitabu. Mzizi wake ndio uliozaa pia matlai, upepo wa mashariki, utokao jua linakochomoza. Mtalii na matlai ni ndugu, ingawa mmoja hulipa nauli. Mjomba hakulipenda. Alisema watalii ni wazungu.

Nahodha akajaribu njia nyingine: «Basi mwanao anakutembeza.» Hili lilikaribia, lakini Bunia kutembeza ni kutembeza bidhaa barabarani, karanga na vocha za simu. Mjomba akanyamaza mpaka tukapita Changuu. Ndipo akasema, kana kwamba amehesabu fedha na zimetosha: «Tunatembelea mayi.»

Kutembea, kwa watu wa Bunia, ni kwenda nyumbani kwa mtu kumsalimu. Kutembelea ni kumwendea mtu huyo hasa. Yeye alikuwa amekuja kunitembelea mimi, na sasa aliyaweka maji mahali pa mwenyeji: unayaendea, unakaa nayo kidogo, unarudi kwako. Kisarufi, kilichofanya kazi hapo ni kauli ya kutendea, mnyambuliko uleule unaosemekana kuwa umekufa katika Kiswahili chetu kwa sababu tunasema «anapika juu ya mutoto» badala ya «anampikia mtoto». Yawezekana tembelea ni umbo lililogandamana, linalorithiwa zima kama kaskazini. Lakini kama lingekuwa limegandamana kabisa, lingekubali mtu tu kuwa yambwa yake, na mjomba aliliwekea ziwa, kisha bahari, na kufikia siku ya tatu alikuwa analiwekea upepo. Orodha ya vitenzi vingine kumi na viwili vya kutendea nilivyomsikia akivitumia ndani ya chombo ninayo. Nusu yake inahusu nyavu, na itahitaji kusikilizwa Tchomia, kwa wavuvi wengine, kabla ya mtu kuandika tena kwamba kauli hiyo haipo.